Uzi: Kitanda cha maua kando ya ukuta, jua kali, maji ya shida. Tupande nini Nakuru na Kisumu?

#1 · Mleleshwa (Nakuru)

Wadau, habari zenu. Kila Januari watu hunitumia picha zinazofanana: ukuta wa mawe, njia ya kabro, na katikati ukanda mwembamba wa udongo uliojaa vijiti vikavu ambavyo Novemba vilikuwa maua. Swali nalo ni lile lile: "Nipande nini kisichotaka maji?" Nimeona nifungue uzi tulijadili hapa, maana jibu la kwenye simu huwa fupi mno na mtu huishia kununua alichouziwa kando ya barabara.

Mmea usiotaka maji haupo. Upo unaojua kuyaweka, upo unaojua kuyafuata chini, na upo unaojua kulala mpaka yarudi. Mshubiri huyaweka ndani ya jani. Mkwaju huyafuata chini kwa mizizi. Lile ua la porini lenye petali nyekundu na manjano zilizopinda juu, Gloriosa superba, hukauka lote likabaki kiazi ardhini, mvua ikinyesha linachipua tena. Ukijua mmea wako unatumia mbinu gani, umeshajua nusu ya matunzo yake.

La pili, na ndilo nililokuja kusema: kwetu kinachoua si kiu peke yake. Mimea yetu hukaa na jua kuanzia Desemba hadi Machi, halafu Aprili inamwagiwa maji ya wiki nzima. Mnakumbuka Aprili na Mei 2024. Mmea uliohimili kiangazi chote unaweza kuoza mizizi ndani ya siku chache za mafuriko. Kwa hiyo mtu akiniambia "huu unastahimili ukame", mimi nauliza: na masika je?

Ndiyo maana sianzi na jina la mmea. Naanza na udongo, halafu ukuta.

Udongo wetu wa Nakuru mnaujua. Ni majivu ya volkeno, mwepesi, ukipiga jembe Februari unakula vumbi. Maji yanapita humo haraka. Uzuri wake ni kwamba mizizi haiozi. Ubaya wake ni kwamba haushiki maji wala chakula, kwa hiyo kila mwanzo wa mvua uongeze mboji au samadi iliyoiva. Kisumu ni habari nyingine kabisa, na ndani ya Kisumu yenyewe Riat kwenye mawe si sawa na Nyamasaria kwenye udongo mweusi.

Ukuta sasa. Hapa vitabu vya Ulaya vinatupoteza, maana vinasema ukuta unaotazama kusini ndio wa jua, basi. Sisi tuko chini ya ikweta kidogo tu. Jua la Juni liko kaskazini yetu, la Desemba liko kusini. Angalieni maana yake: upande wa ukuta unaotazama kusini huchomwa Novemba hadi Januari, yaani kiangazi chenyewe kinapoanza. Upande wa kaskazini wakati huo una kivuli. Ukuta wa mita 2, saa sita mchana Desemba, hutupa kivuli cha karibu sentimita 85 upande huo. Hicho ni kitanda kizima cha maua kilichopata mwavuli bure miezi ile mibaya zaidi. Upande wa magharibi ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu unapigwa jua la alasiri mwaka mzima, na mawe yakishashika moto yanauachilia usiku kucha.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, simama kitandani saa tisa alasiri. Ukiona huwezi kusimama hapo muda wa mazungumzo mafupi bila kutafuta kivuli, mshubiri, bogenvilia na mkonge ndio wenyeji wa hapo. Waridi na haidranja peleka kwingine.

Kwa Nakuru, mbele ya ukuta wa magharibi au kusini, mimi hupanda hivi: nyuma kabisa mleleshwa au bogenvilia, katikati mishubiri ya kienyeji, hasa Aloe secundiflora, na rosemari, mbele gazania, na portulaka ile inayofungua maua jua likitoka. Mleleshwa watu wanaudharau kwa sababu wanauona kila mahali porini kuelekea Naivasha, lakini hakuna jani la fedha linalonoga kama lile, na ukipita ukalisugua linanukia kafuri. Ule weupe wa chini ya jani ni vinyweleo, ndivyo vinavyopunguza maji kupotea. Unakubali kupogolewa, na hauogopi baridi ya usiku wetu.

Na mshubiri ukichanua, chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, watakuja wenyewe.

#2 · NyarKano (Kisumu)

Asante sana Mleleshwa. Sasa njoo kwetu. Niko upande wa Nyamasaria, udongo mweusi. Mvua ikinyesha unanata viatuni mpaka unatembea umekuwa mrefu, kiangazi unapasuka mkono unaingia. Kitanda changu kiko kati ya ukuta na njia ya gari, urefu wa nyumba nzima, kinatazama magharibi. Niliuziwa kakati na mishubiri nikaambiwa hiyo haifi. Masika ikaigeuza uji.

Nataka rangi. Sitaki kukaa natazama miiba tu kila nikifungua dirisha.

#3 · Fundi_wa_Kabro (Kisumu)

Dada, hiyo ni rahisi. Chimba mashimo makubwa, futi mbili kwenda chini, mwaga balasti chini, juu jaza udongo mwekundu na samadi, panda. Maji yatashuka kwenye balasti. Tunafanya hivyo kila siku.

#4 · Mleleshwa (Nakuru)

Fundi, nakuheshimu, lakini kwa udongo mweusi hapana.

Shimo ndani ya udongo ule ni karai. Umelijaza udongo mzuri unaopitisha maji, lakini kuta na sakafu ya shimo ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji ya kitanda kizima yanakimbilia humo yanakaa. Umeutengenezea mmea wako kidimbwi.

Balasti nayo haifanyi kazi tunayodhani. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ulio juu ushibe kabisa. Kwa hiyo balasti inapandisha tope karibu zaidi na mizizi. Hata kwenye chungu ni hivyo hivyo: mawe ya chini hayasaidii, tundu ndilo linalosaidia.

NyarKano, kwako dawa ni kupanda juu, si chini. Inua kitanda sentimita 30 hadi 40. Ukingo wa mbele ujenge kwa mawe ya machimbo bila kuziba viungo vyote, acha nafasi maji yatoroke. Kabla ya kujaza, kwatua ule mweusi kwa jembe wakati umekauka, usiukanyage ukiwa na maji. Kisha jaza mchanganyiko: vipimo viwili vya udongo mwekundu, kimoja cha mboji, kimoja cha mchanga wa mtoni usio na matope. Usichanganye mchanga kidogo na mweusi ukidhani umeulainisha. Ukikauka utapata kitu kigumu kuliko ulichokuwa nacho.

Rangi utaipata. Kisumu iko chini, kama mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unaweza kupanda vitu ambavyo Nakuru tunavitamani tu. Adeniamu, lile waridi la jangwani lenye shina nono, kwangu Nakuru hununa usiku wa baridi, kwako kwenye kitanda kilichoinuliwa litakupa maua ya waridi kiangazi katikati. Vinka nyeupe na zambarau hazijui joto ni nini. Plambago ya buluu kwa nyuma, uikate ikizidi. Bogenvilia moja tu, kwenye kona, usizipange safu maana zitakula njia ya gari. Na bogenvilia usiipe samadi nyingi wala maji kila siku, itakupa majani matupu. Inachanua ikibanwa kidogo.

Kisha tafuta ochuoga. Mtandamboo kwa jina la Kiswahili. Ndiyo, ule ule wa utotoni wa matunda meusi. Maua meupe yenye harufu tamu, miiba inayomzuia mwizi, matunda ya watoto na ndege. Kwa nini watu wanapanda dyuranta kila nyumba na hiki kiko vichakani bure, sijaelewa mpaka leo.

#5 · Fundi_wa_Kabro (Kisumu)

Sawa mzee, hapo kwa shimo nimekusikia. Lakini na mimi niwaongezee kitu cha upande wa ujenzi ambacho watu wa maua hamkisemi. Udongo mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Mtu akipanda maua ya kumwagilia kila siku yakiwa yamegusa ukuta, udongo wa upande mmoja wa msingi unavimba na wa upande mwingine umekauka. Ukuta unapasuka kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Nimeitwa nyumba nyingi kuziba nyufa kwa simenti wakati dawa ni kufunga mpira wa maji.

Kwa hiyo acheni nafasi kati ya mimea na ukuta. Mimi nasema sentimita 60, kama una nafasi. Na mti mkubwa hapo usiweke kabisa.

#6 · Mleleshwa (Nakuru)

Hili lipigiwe mstari. Na kitanda cha kuinuliwa kisiegemee ukuta wa nyumba, udongo ukipita juu ya ile tabaka ya kuzuia unyevu utakuwa na kuta zinazobambuka rangi.

#7 · MamaWawili (Kiamunyi)

Mimi tatizo langu si jua, ni mbuzi. Kitanda kiko nje ya geti. Mbuzi za jirani zinapita asubuhi na jioni kama zina ratiba. Tafadhali niambieni kitu ambacho mbuzi hali na mtoto wa miaka mitatu hawezi kudhurika.

#8 · NyarKano (Kisumu)

Kwetu zamani boma lilizungushiwa ojuok, mnyaa. Mbuzi hagusi. Lakini kwa mtoto, hapana, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

#9 · Mleleshwa (Nakuru)

MamaWawili, umeomba vitu viwili vinavyogombana, maana mara nyingi kinachomfukuza mbuzi ndicho kinachomdhuru mtoto. Olianda mbuzi anaijua anaipita. Kila sehemu yake ni sumu ya moyo. Thevetia, ile ya maua ya njano yenye umbo la kengele inayopandwa sana kama ua la boma, ni hivyo hivyo, na kokwa zake ndizo mbaya zaidi. Taji la miiba, Euphorbia milii, lina miiba na utomvu. Vinka nayo ni sumu ikiliwa. Dawa za saratani hutengenezwa kutokana nayo, lakini hiyo ni kazi ya maabara, si ya sufuria yako. Na kile kiazi cha Gloriosa nilichokisifia pale juu, kaa nacho mbali.

Kwako nje ya geti ningepanda rosemari, lavenda, mleleshwa na mishubiri. Harufu kali mbuzi haipendi sana, ila mbuzi mwenye njaa ya Februari haheshimu kitabu chochote, kwa hiyo mwaka wa kwanza zungushia matawi ya miiba mpaka mimea ishike. Mshubiri una miiba midogo ukingoni mwa jani, mtoto atajifunza mara moja. Ukitaka ukuta hai kabisa, kaiyaba. Hapo hapiti mbuzi wala mwenye mbuzi.

Mishubiri msiende kung'oa porini, tafadhali, wala ndani ya mbuga. Kuvuna mishubiri ya porini kulipigwa marufuku nchini mwaka 1986, na biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mmoja wa aina inayochipua pembeni ukiununua kwenye kitalu utakupa vichipukizi vya kutosha kitanda kizima, ukiwa na subira.

#10 · Msafiri_Essex

Salamu kutoka Uingereza, mimi ni mtu wa Nakuru, Section 58. Huku Essex kuna bustani maarufu ya Beth Chatto. Mama huyo alianza miaka ya mapema ya 1990 kugeuza eneo la zamani la kuegesha magari, changarawe tupu, kuwa bustani isiyomwagiliwa maji kabisa. Mvua ya hapa ni kama milimita 500 kwa mwaka na bado inachanua. Nikiangalia, Nakuru mnapata karibu mara mbili ya hiyo. Kwa nini basi mnalia? Pandeni lavenda, tandazeni kokoto, mlale.

#11 · Mleleshwa (Nakuru)

Ndugu, karibu nyumbani kwa maneno. Swali zuri, na bustani hiyo naiheshimu, hasa hoja yake kuu kwamba unatafuta mmea wa mahali ulipo badala ya kupigana na mahali.

Lakini hesabu ya milimita kwa mwaka inadanganya. Mvua ya Essex inanyunyiza mwaka mzima, na majira ya baridi jua halina nguvu, ardhi inabaki na unyevu. Yetu inakuja kwa fujo. Mvua ya alasiri moja inaweza kumwaga milimita 40, nyingi ikaishia mtaroni, kisha jua la ikweta linavuta iliyobaki. Na mimea ya kule mingi asili yake ni kando ya Bahari ya Kati, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na joto huja likiwa kavu. Lavenda Nakuru inakubali, kwa sababu usiku ni wa baridi na udongo unapitisha maji. Ipeleke Kisumu, joto na unyevunyevu wa ziwa vikae nayo usiku, inakufa kwa kuoza katikati, na mwenyewe anadhani ni kiu anaiongezea maji.

Kokoto nakubaliana nawe nusu. Zinazuia vumbi, zinazuia matone ya mvua kupigapiga udongo. Ila mbele ya ukuta wa magharibi zinarudisha joto juu. Mimi huweka yale mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu, na huyasogeza mbali kidogo na shina.

#12 · Kijana_Lanet

Mbona mnajisumbua? Pandeni lantana na kakati, ile ya majani bapa. Haifi hata ukiitukana. Kwangu lantana inachanua rangi tatu mwaka mzima, sijawahi kuimwagilia.

#13 · Mwalimu_Mstaafu (Nakuru)

Kijana wangu, kisichokufa hata ukikitukana ndicho cha kuogopa.

Nilifundisha Marigat. Mathenge, ule mti wa miiba, ililetwa huko Baringo miaka ya 1980 kwa sababu hiyo hiyo unayoisema: inastahimili ukame, itaotesha jangwa. Watu walishukuru. Baada ya muda ikala malisho, ikaziba njia za maji, mbuzi wakala maganda yake matamu meno yakaoza. Mwaka wa 2006 wenyeji walikwenda mahakamani kuishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa huko kama ushahidi. Huu si utani, magazeti yaliandika.

Kakati ya majani bapa, Opuntia stricta, imeharibu malisho ya Laikipia kiasi kwamba 2014 waliachilia wadudu maalum wa kuila. Lantana mbegu zake hubebwa na ndege. Wewe utakuwa na kitanda kizuri na jirani yako wa shamba la chini atakuwa na kichaka kisichoingilika, tena ng'ombe wakila wanaugua. Kwa hiyo mtu akikuuzia mmea "usiokufa", muulize mbegu zake zinakwenda wapi.

#14 · Kijana_Lanet

Mwalimu nimekusikia. Lantana nitaing'oa. Lakini kakati imo kwenye chungu, hiyo itabaki.

#15 · Mwalimu_Mstaafu (Nakuru)

Kwenye chungu sawa. Ila kipande ukikikata usikitupe jaani, kila kipande kinaota.

#16 · Bi_Zawadi (Free Area, Nakuru)

Nina swali tofauti. Nilipanda drasena na ile ya majani membamba yenye mstari mweupe, klorofitamu, mbele ya varanda. Nilisoma zinavumilia kukaa bila maji. Hazifi, lakini ncha zote za majani ni kahawia, zimeungua. Nikiongeza maji inazidi. Natumia maji ya kisima cha kuchimbwa.

#17 · Mleleshwa (Nakuru)

Bi Zawadi, umejijibu kwenye sentensi ya mwisho. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Ndiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Drasena na klorofitamu zinaichukia. Mmea unavuta maji, maji yanatoka kwenye jani kama mvuke, floraidi inabaki na kujilundika pale mwisho wa safari, nchani. Ukimwagilia zaidi umeongeza dozi.

Ncha zilizoungua hazirudi kijani. Kata ukitaka kwa mshazari ili jani lisionekane limenyolewa. Kuanzia sasa zipe maji ya mvua hizo mbili tu, mengine yote yape ya kisima. Hesabu ya mvua ni rahisi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000, ukitoa zinazomwagika kando. Tangi dogo tu linatosha mimea miwili ya varanda msimu mzima.

Au zitoe uweke mshubiri. Mimi ningezitoa.

#18 · NyarKano (Kisumu)

Mleleshwa, maji sasa. Mwaka wa kwanza najua lazima kumwagilia. Mabomba yetu hayaaminiki, nabeba mitungi ya lita 20. Njia gani inapoteza kidogo?

#19 · Mleleshwa (Nakuru)

Una bahati uko Kisumu, kwa sababu mafundi wa vyungu bado wapo sokoni. Nunua dapi, yaani chungu cha maji, ndogo isiyopakwa rangi wala vanishi. Ifukie katikati ya mimea mitatu au minne, shingo tu ibaki juu. Jaza maji, funika kwa kifuniko au jiwe bapa, maana ukiacha wazi utafuga mbu. Maji yanapenya ukuta wa chungu polepole kadiri udongo unavyokauka, na udongo ukishiba yanasimama yenyewe. Mizizi inakuja inakikumbatia chungu. Juu ya kitanda panabaki pakavu, kwa hiyo hata magugu yanakosa kazi.

Ukiona dapi imekaa wiki haijapungua, ama udongo bado una maji ama vitundu vimeziba. Ifukue uisugue kwa brashi, bila sabuni.

Pasipo na dapi: mwagilia mara chache lakini mengi. Vikombe viwili kila jioni vinafundisha mizizi kukaa juu, palepale jua linapochoma. Lita 10 kwa kichaka kimoja mara moja kwa wiki zinashuka chini, na mizizi inazifuata. Miezi mitatu ya kwanza fanya hivyo, kisha rudisha iwe kila wiki mbili, kisha uache mmea ukuonyeshe. Majani yakilegea saa nane mchana usikimbie na mtungi. Angalia asubuhi. Yakiwa bado yamelegea saa moja asubuhi, hapo kweli una kiu.

Maji ya kufulia nayo yanafaa kwa vichaka, ila yale ya sabuni nyingi au dawa ya kutoa madoa yamwage kwingine. Na yasirudie mahali pamoja kila siku.

#20 · Fundi_wa_Kabro (Kisumu)

Na matandazo? Niliweka nyasi kavu kwa mteja, mchwa wakaja wakala nyasi, wakamaliza wakahamia fremu ya mlango.

#21 · NyarKano (Kisumu)

Tumia makapi ya mpunga, omera. Ahero yapo magunia kwa magunia. Mchwa hawayafurahii kama nyasi na hayaozi haraka. Shida yake ni mepesi, mvua ya kwanza kubwa inayaelea yote mpaka kwa jirani, labda kitanda kiwe na ukingo.

#22 · Mleleshwa (Nakuru)

Kweli. Na chini ya makapi weka majani mabichi ya maua makech, ile tithonia ya maua ya njano iliyojaa kando ya barabara zote kuanzia Maseno kwenda mbele. Jani lake lina naitrojeni ya karibu asilimia 3.5 likikauka, na potasiamu zaidi ya hapo, na linaoza upesi. Watafiti wa kilimo cha misitu walilifanyia kazi sana huko Maseno miaka ya 1990. Katakata, tandaza, funika. Kata kabla halijatoa mbegu, na usilipande kitandani, lina pupa.

Ila mishubiri na adeniamu usizitandazie chochote kinachohifadhi unyevu shingoni. Kokoto tu.

#23 · Omwana_wa_Shinyalu (Kakamega)

Mtanicheka. Sisi tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka na bado kitanda changu kimekauka. Kiko chini ya paa, ukuta wa nyumba. Nyasi ya hatua mbili mbele yake ni kijani kibichi.

#24 · Mleleshwa (Nakuru)

Hatukucheki. Chini ya vipenuo vya paa ni jangwa hata Kakamega, mvua haifiki pale, na iliyofika mwisho wa paa inadondoka kwa mstari mmoja na kuchimba mfereji. Una vitanda viwili hapo. Ule ukanda wa ndani panda sansevieria na mishubiri midogo. Pale yanapodondokea weka mawe makubwa, na mbele yake maua ya kana, ambayo yanapenda kumwagiwa. Usitafute mmea mmoja wa kufaa pande zote mbili.

#25 · MamaWawili (Kiamunyi)

Swali la mwisho kutoka kwangu. Leo ni Februari, mikono inaniwasha, kitalu kiko hatua chache kutoka kwangu na kina kila kitu kinachanua. Ninunue sasa?

#26 · Mleleshwa (Nakuru)

Usinunue. Kinachochanua Februari kitaluni kimekuwa kikimwagiliwa chini ya kivuli cha neti, ukikileta kwenye ukuta wako kitashtuka. Tumia Februari kukwatua, kuzungushia miiba, kuchanganya samadi. Mvua ikishanyesha mara mbili tatu za kulowesha, mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, nunua miche midogo, si mikubwa. Uchomoe kwenye mfuko wake pale pale kitaluni: mizizi ikizunguka kama kamba, urudishe. Mdogo uliopandwa mwanzo wa mvua utapata miezi ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi, na kufikia mwaka wa pili utaupita ule mkubwa wa bei ghali.

#27 · NyarKano (Kisumu)

Ochuoga nimezunguka vitalu viwili, mmoja ameniambia hajawahi kuombwa. Nitaupata wapi?

#28 · Mleleshwa (Nakuru)

Jaribu vitalu vinavyouza miti ya kienyeji, au waulize KEFRI, wale wa utafiti wa misitu, pale Maseno wana nini msimu huu. Ukikosa, otesha mwenyewe. Chukua matunda yaliyoiva kabisa, meusi, kamua nyama yote kwenye maji, anika mbegu kivulini, uzipande upesi kwenye mchanga na mboji maana zikikaa zinapoteza nguvu. Usizikaushe juani. Mche ukifika urefu wa kiganja uhamishie kwenye mfuko, na kitandani uende mvua ijayo, mita moja kutoka mwenzake. Na uweke upande wa dirisha la chumba cha kulala, sababu utaijua ikichanua.